Je, ugomvi kuhusu Torati uliacha alama katika nakala za Biblia?

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la Biblia kanisani kwetu Mbeya. Tulipokuwa kwenye Matendo 15, kijana mmoja alisema amesoma kwamba Wakristo wa mwanzo, kwa kuwachukia Wayahudi, walibadilisha maneno ya Biblia walipokuwa wakinakili, na kwamba hata lile agizo la kujiepusha na damu lina matoleo mawili. Mzee mmoja akamkatalia, akasema hakuna hata nukta iliyoguswa. Nani yuko sahihi? Na kama kuna kilichoguswa, sisi tutakijuaje?

Jibu:

Kijana wako yuko sahihi kuhusu Matendo 15. Agizo lile limetufikia kwa namna zaidi ya moja, na tofauti hiyo ilikuwepo tayari katika karne ya 2. Sababu aliyoitoa ndiyo inayotaka kupimwa. Chuki ilikuwepo, wala siifichi, na nitakuonyesha mahali ninapoamini imeingia kwenye ukurasa. Lakini sehemu kubwa ya mistari iliyoguswa na ugomvi wa Torati iliguswa na watu wenye maswali ya kila siku: tule nini, tupumzike lini, watoto wetu tuwatahiri au tusiwatahiri? Mnakili aliishi ndani ya maswali hayo. Alipofika kwenye mstari uliokuwa ukibishaniwa kanisani kwake, hakuuandika kwa utulivu ule ule aliokuwa nao kwenye orodha ya vizazi.

Tukumbuke kwanza kwamba wanafunzi wa Yesu walikuwa Wayahudi, na kwamba ugomvi wa kwanza mkubwa wa Kanisa ulikuwa juu ya meza ya chakula. Paulo anasimulia katika Wagalatia 2 jinsi alivyomkemea Petro mbele ya watu kule Antiokia, kwa sababu Petro aliacha kula pamoja na watu wa Mataifa mara walipofika watu kutoka kwa Yakobo. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, vita ya Bar Kokhba, uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, ikaisha mwaka 135, na wengi hudhani baada ya hapo Wakristo na Wayahudi walishatengana kabisa. Sivyo. Mwaka 386 na 387, katika mji ule ule wa Antiokia, Yohana Krisostomo alihubiri mahubiri makali dhidi ya Wakristo wake mwenyewe waliokuwa wakienda sinagogi siku za sikukuu. Wengine walijitetea kwamba mahali pale ni patakatifu kwa kuwa Torati na Manabii vimehifadhiwa humo. Mtaguso wa Laodikia wa karne hiyo hiyo ya 4 uliwakataza Wakristo kupumzika siku ya Sabato, na papo hapo ukaagiza Injili zisomwe siku hiyo. Karibu na kwetu zaidi, Ethiopia, suala la Sabato liliendelea kugawa watawa mpaka mwaka 1450, mfalme Zara Yaqob alipoitisha mkutano wa Debre Mitmaq uliokubali Jumamosi na Jumapili zote mbili ziheshimiwe. Kwa hiyo usidhani nakala zetu za kale ziliandikwa baada ya mjadala kufungwa. Kodeksi ya Sinai na Kodeksi ya Vatikani (kodeksi ni kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono) ni za karne ya 4, na watu walikuwa bado wanabishana.

Sasa Matendo 15. Biblia yetu ya Kiswahili inasema watu wa Mataifa wajiepushe na unajisi wa sanamu, na asherati, na nyama zilizosongolewa, na damu. Mambo manne. Ndivyo zilivyo Kodeksi ya Vatikani na ya Sinai. Lakini ukifungua Kodeksi ya Beza, nakala ya yapata mwaka 400 yenye Kigiriki ukurasa wa kushoto na Kilatini wa kulia, nyama zilizosongolewa hazimo. Yamebaki sanamu, asherati na damu, kisha kuna nyongeza: yale wasiyotaka wao kutendewa, wasiwatendee wengine. Na ukichukua mafunjo ya karne ya 3 yaliyopatikana Misri, yanayotunzwa Dublin na kuitwa na wataalamu P45, utakuta katika mstari wa 20 asherati ndiyo iliyokosekana.

Tazama kila nakala inaelekea wapi. Ukiondoa asherati, agizo lote linakuwa la chakula: sanamu maana yake nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu, kisha nyama iliyosongolewa, kisha damu. Ukiondoa nyama iliyosongolewa na kuongeza ile kanuni ya kutendeana, agizo lote linakuwa la maadili: usiabudu sanamu, usizini, usimwage damu. Neno "damu" ni lile lile, ila jirani zake wamebadilika, na maana ikahama kutoka sahanini hadi kwenye uuaji. Tertulliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, alisoma hivyo hasa: damu hapa ni damu ya mtu.

Mpaka hapo maelezo ya kijana wako yangeweza kutosha: Kanisa la watu wa Mataifa lilichoshwa na sheria za vyakula vya Kiyahudi, likazifuta. Lakini subiri. Tertulliano huyo huyo, katika utetezi alioandika mwaka 197 hivi, anawaambia Warumi kwamba Wakristo hawagusi damu ya wanyama mezani, na kwamba wanajiepusha hata na mnyama aliyesongolewa au aliyejifia. Na Lyon, kusini mwa Ufaransa ya leo, mwaka 177, wakati wa mateso, mwanamke aitwaye Biblis aliwauliza watesi wake: watu wasioruhusiwa kula hata damu ya wanyama watawezaje kula watoto? Muda mfupi baadaye askofu wa mji huo huo, Ireneo, alinukuu agizo la Matendo 15, na nukuu yake haina nyama zilizosongolewa na ina ile nyongeza. Yaani kanisa lililokuwa likijiepusha na damu kwa gharama ya maisha lilikuwa likisoma nakala ambayo mtu angeweza kuitumia kuhalalisha damu. Desturi na maandishi havikwenda sambamba.

Kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha. Ile nyongeza, usimtendee mwenzako usilotaka kutendewa, ni ya Kiyahudi kabisa. Imo katika kitabu cha Tobiti, na Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inamtaja mwalimu Hillel akiitoa kama muhtasari wa Torati yote. Na ule utatu uliobaki, sanamu, uzinzi na umwagaji damu, ni yale yale mambo matatu ambayo marabi walisema Myahudi asiyatende hata kama atauawa. Aliyeligeuza agizo kuwa la maadili alilishona kwa kitambaa cha Kiyahudi. Huyo si mtu aliyekaa chini kuufuta Uyahudi. Ni mwalimu, pengine wa katekesi, aliyekuwa na waongofu mbele yake na orodha yenye jambo wasilolielewa, naye akaiandika kwa namna waliyoweza kuitumia.

Ukiniuliza ipi ni ya asili, nasema ile ya mambo manne, hiyo iliyo katika Biblia yetu. Ni rahisi kueleza kwa nini mtu wa karne ya 2 angeondoa nyama zilizosongolewa ili orodha isomeke kama maadili, na kwa nini mwingine angeondoa asherati ili isomeke kama chakula. Kueleza ya nne ilitoka wapi, kama mwanzoni yalikuwa matatu, ni vigumu zaidi. Kwetu swali lenyewe halijafa. Yeyote aliyekaa kwenye sherehe Uchagani kisusio, supu ya damu, kikipita, au aliyeona watu wa kanisa moja wakigawanyika mbele ya mutura, soseji ya damu, Nairobi, anajua kwa nini mnakili wa zamani alisimama kwenye mstari huu.

Kisa cha pili ni cha tohara, na binafsi nakiona kizito kuliko cha Matendo. Katika Wagalatia 2:3–5 Paulo anaeleza alivyopanda kwenda Yerusalemu na Tito, Mgiriki asiyetahiriwa, na ndugu wa uongo wakaingia kwa siri ili wawatie utumwani. Paulo anasema hakukubali kujitia chini yao hata kwa dakika moja. Katika Kigiriki kukataa huko kunabebwa na maneno mawili madogo, *hois oude*. Yaondoe, na Paulo anasema kinyume: kwa sababu ya ndugu wa uongo, alikubali kwa muda. Tito ametahiriwa.

Kuna nakala isiyo na maneno hayo mawili. Inaitwa Kodeksi ya Clermont, ya karne ya 6, iko Paris, na aliyewahi kuimiliki ni Theodore Beza, yule yule ambaye Kodeksi ya Beza inaitwa kwa jina lake. Mnakili wa kwanza aliandika mstari bila ukanusho, na msahihishaji aliyekuja baadaye akaurudisha. Ireneo katika tafsiri yake ya Kilatini, na Tertulliano, nao hawana ukanusho huo. Tertulliano hakuona kasoro yoyote. Alisema Markioni, mwalimu wa karne ya 2 ambaye Kanisa lilimhesabu mzushi, ndiye aliyeingiza lile "hata" la kukataa ili kumfanya Paulo awe adui wa mitume, na akatetea kwamba Paulo alikubali kwa muda kwa sababu ya mazingira, kama alivyomtahiri Timotheo katika Matendo 16:3.

Kumbe ukanusho upo katika mafunjo ya P46 ya yapata mwaka 200, upo katika Sinai, upo katika Vatikani. Huyu mtetezi wa Kanisa, aliyeandika vitabu vitano kumshtaki Markioni kwa kuchafua maandiko, hapa ndiye aliyekuwa na nakala iliyoharibika, na Markioni ndiye aliyekuwa na iliyo sahihi. Nakuomba uisome habari hii kwa darasa lako polepole, kwa sababu inaonyesha jinsi shutuma ya kubadilisha maandiko ilivyokuwa silaha, na jinsi aliyeirusha alivyoweza kuamini kwa moyo wote huku akikosea.

Kwa nini maneno hayo yalianguka? Inawezekana mtu alitaka Paulo wa Wagalatia apatane na Paulo wa Matendo. Lakini sentensi ya Paulo katika mistari hiyo imekatika njiani, haifiki inakokwenda, na mnakili yeyote anayejua sarufi angetamani kuinyoosha. Ondoa *hois* na sentensi inakaa vizuri. Neno la pili likafuatana nalo. Hapo ndipo hukumu ya haraka inapokwama: mstari uliobeba ugomvi mkubwa kuliko wote wa karne ya kwanza unaweza kuwa umegeuzwa na mtu aliyekuwa akirekebisha sarufi tu.

Markioni mwenyewe hatuwezi kumpita hivi hivi. Alitoka Sinope, pwani ya Bahari Nyeusi, akafika Roma, na mwaka 144 akaachana na kanisa la huko. Aliamini Mungu wa Torati si Baba wa Yesu. Akabaki na Injili moja, namna ya Luka iliyofupishwa, na nyaraka kumi za Paulo, na wapinzani wake wanasema aliondoa palipomheshimu Ibrahimu na palipotimiza Torati. Upande wa pili walikuwepo Waebioni, Wakristo wa Kiyahudi walioshika Torati na kumkataa Paulo. Epifanio, askofu wa karne ya 4, anasema injili yao haikumlisha Yohana Mbatizaji nzige. Nzige kwa Kigiriki ni *akrides*, nao waliandika *enkris*, mkate mtamu wa mafuta, kwa sababu hawakula nyama. Na pale Yesu anaposema ametamani sana kuila Pasaka, wao walimfanya aulize kama kweli ametamani nyama. Kwa hiyo mkono ulivutwa pande zote mbili. Anayesema ni wapinga Torati peke yao waliogusa maneno hajasoma habari za Waebioni.

Swali lako la pili, tutakijuaje, lina jibu lisilo la siri. Katika karne tatu za kwanza hakuna askofu wala mfalme aliyekuwa na uwezo wa kukusanya nakala zote. Kanisa moja liliazima barua kwa kanisa jingine, mtu akanakili kwenye mafunjo, nakala ikasafiri kwenda Misri, nyingine Siria, nyingine Afrika ya Kaskazini, zikatafsiriwa kwa Kilatini, Kisiria na Kikoptiki. Mabadiliko yaliyofanyika Lyon hayakufika Misri. Ndiyo maana leo tunaweza kuyaweka mezani P45 na Kodeksi ya Beza na kuona kila moja imeacha nini. Mzee wako anaposema hakuna nukta iliyoguswa, anatetea kitu ambacho nakala zenyewe hazikidai. Kinachozilinda ni wingi wao na kutawanyika kwao.

Ukikutana na tofauti, uliza ni nakala zipi zinaiunga mkono na zinatoka sehemu ngapi tofauti. Halafu uliza ipi kati ya hizo inaeleza kuzaliwa kwa mwenzake. Sababu ya kitheolojia iache iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa ndiyo tamu kuliko zote na ndiyo inayodanganya haraka. Mfano mzuri ni Marko 7:19. Biblia yetu inasema kwa kusema hivi Yesu alivitakasa vyakula vyote. Nakala nyingi za baadaye zina herufi moja tofauti, o fupi mahali pa o ndefu, *katharizon* badala ya *katharizōn*, na kwa herufi hiyo hukumu ya Yesu juu ya vyakula inatoweka. Kinachobaki ni maelezo ya chakula kinavyotoka mwilini. Unaweza kujenga hadithi nzima ya njama hapo. Lakini wakati huo o hizo mbili zilikuwa zimeanza kutamkwa sawa, na mnakili aliyesikia au kujisomea kwa sauti alizichanganya mara elfu katika mistari isiyo na ubishi wowote. Nakala za kale zina o ndefu, na mimi nasimama nazo.

Kuna mstari mmoja wa Sabato ambao lazima nikupe, kwa sababu haumo katika Biblia yoyote utakayoinunua dukani. Uko katika Kodeksi ya Beza, Luka 6, baada ya habari ya wanafunzi kuvunja masuke. Unasema siku hiyo hiyo Yesu alimwona mtu akifanya kazi siku ya Sabato, akamwambia: Ewe mtu, ikiwa unajua unalofanya, heri wewe, lakini ikiwa hujui, umelaaniwa nawe ni mvunja Torati. Hauko katika nakala nyingine ya Kigiriki. Siamini Luka aliuandika. Lakini uangalie kwa makini: hausemi Sabato imefutwa, hausemi Sabato inabaki. Unamuuliza mfanyakazi kama dhamiri yake imeelimika. Unasikika kama Paulo katika Warumi 14, na jina "mvunja Torati" ni lile alilotumia Paulo katika Warumi 2:25 akizungumzia tohara. Kuna jumuiya fulani iliyokuwa na watu wa Sabato na watu wasio wa Sabato kwenye benchi moja, nayo iliutunza usemi huu kwa sababu uliwasaidia kuishi pamoja. Kwangu mstari huu unatuonyesha majirani ambao mnakili aliishi nao kuliko mwingine wowote.

Ugomvi haukuharibu tu, ulifundisha pia watu kunakili kwa uangalifu. Karibu mwaka 160, Justino Mfia dini aliandika mjadala wake na Myahudi aitwaye Trifo, akawashtaki Wayahudi kwamba wamefuta maneno "kutoka mtini" katika Zaburi ya 96, ili isionekane kwamba Bwana alitawala kutoka msalabani. Maneno hayo hayamo katika Kiebrania, wala katika nakala za kawaida za tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, iitwayo Sabini. Yamo katika Kilatini cha kale. Kwa maneno mengine, Mkristo ndiye aliyeyaongeza, labda pambizoni kama tafakari, mwingine akayaingiza ndani, na Justino akayarithi kama Zaburi yenyewe.

Miaka themanini hivi baadaye, Origeni, mwanazuoni Mkristo, alichoshwa na mijadala ya namna hiyo. Akiwa Kaisaria ya Palestina alipanga Agano la Kale katika safu sita: Kiebrania, Kiebrania kwa herufi za Kigiriki, kisha tafsiri nne za Kigiriki zikiwemo ya Akila, ambayo Wayahudi waliipendelea, na ile ya Sabini. Aliweka alama moja kwenye maneno yaliyomo katika Sabini na hayamo katika Kiebrania, na alama nyingine kwenye yaliyoongezwa kutoka kwa tafsiri nyingine. Sababu aliieleza mwenyewe katika barua kwa Afrikano: tunapojadiliana na Wayahudi tusiwanukulie yasiyomo katika vitabu vyao, wasije wakatucheka. Kazi hiyo ilizaa shule ya usahihishaji. Mwishoni mwa kitabu cha Esta katika Kodeksi ya Sinai kuna maandishi ya mkono wa baadaye yanayosema nakala imelinganishwa na nakala ya zamani sana iliyosahihishwa na mfia dini Pamfili kufuata kitabu cha Origeni, gerezani, Antonini akilinganisha na Pamfili akisahihisha. Watu wawili waliosubiri hukumu walitumia siku zao kuhakikisha Agano la Kale linalingana na safu za Origeni.

Alama ya kudumu kuliko zote, hata hivyo, haiko katika neno lililobadilishwa. Iko katika namna ya kuandika. Wayahudi waliozungumza Kigiriki walipoandika Jina la Mungu katika magombo yao, baadhi yao waliliacha kwa herufi za Kiebrania katikati ya mstari wa Kigiriki. Katika nakala za Kikristo Jina hilo halipo. Mahali pake pana Bwana, limefupishwa kwa herufi ya kwanza na ya mwisho na mstari juu yake. Na Mungu, Yesu na Kristo yanafupishwa vivyo hivyo. Heshima ya Jina ni ya Kiyahudi, lakini sasa Bwana wa Zaburi na Bwana Yesu wanaandikwa sawasawa kabisa, na msomaji aliyefungua ukurasa aliliona fundisho kabla hajasoma sentensi. Barua ya Barnaba, iliyowekwa mwishoni mwa Kodeksi ya Sinai, inalipeleka jambo hili kwenye tohara yenyewe. Inasema Ibrahimu aliwatahiri watu 318 wa nyumba yake. Kwa Kigiriki tarakimu ni herufi: 300 ni T, umbo la msalaba, na 18 ni herufi mbili za mwanzo za jina Yesu. Mwandishi anahitimisha kwamba Ibrahimu alipotahiri alikuwa akimtazama Yesu na msalaba wake. Huwezi kufika kwenye fundisho hilo kwa kusikiliza. Ni lazima uwe umeona jina la Yesu likiandikwa kwa kifupi.

Nimeahidi kutoficha chuki. Katika Matendo 3:17 Petro anawaambia watu wa Yerusalemu kwamba walitenda kwa kutokujua. Kodeksi ya Beza inaongeza neno moja: mlitenda *uovu* kwa kutokujua. Mwaka 1966 mtaalamu wa Marekani, Eldon Epp, alionyesha kwamba katika Matendo nyongeza za namna hiyo zina mwelekeo, zinawaongezea Wayahudi lawama. Wenzake wamembishia hapa na pale, na baadhi ya mifano yake mimi pia siikubali, lakini huu naukubali.

Na kuna Luka 23:34: "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Ombi hilo halimo katika mafunjo ya P75, halimo katika Vatikani, na mkono wa kwanza wa Kodeksi ya Beza hauna. Kodeksi ya Sinai imelipitisha katika mikono mitatu: mnakili aliliandika, msahihishaji akaliwekea alama za kulifuta, mwingine akarudi akaziondoa alama hizo. Wako wanaosema Luka hakuliandika, kwamba liliingizwa kwa kufuata mfano wa Stefano. Wana nakala nzito upande wao, siwadharau. Lakini Ireneo alilijua kabla ya mwaka 200, na linakubaliana na Luka mwenyewe, ambaye katika Matendo 3:17 na 13:27 anasisitiza kutokujua. Naamini liliandikwa na Luka, na kwamba liliondolewa na watu walioona Yerusalemu imeteketea mwaka 70, wakahitimisha kwamba Mungu hakusamehe, na hawakuweza kuvumilia ombi la Yesu lisilojibiwa, au hawakutaka lijibiwe kwa ajili ya Wayahudi. Ni mkono ule ule wa mawazo ulioongeza *uovu* kwa Petro.

Baadhi ya tafsiri mpya huuweka mstari huo katika mabano au kuueleza tanbihini. Ukifika hapo na darasa, msipite. Someni Luka 23:34, Matendo 3:17 na Matendo 7:60 katika kipindi kimoja, na mwombe yule kijana na yule mzee kila mmoja aeleze kwa nini angeliacha ombi hilo au angeliondoa kama kalamu ingekuwa mkononi mwake mwaka 200. Upangie muda wa kutosha, kwa sababu hautaisha ndani ya saa moja.